Beki akitundika daluga anakwenda wapi?

Majuzi nilikwenda delta ya Rufiji kumwona mjomba wangu. Ukitoka Dar unashuka Bungu, kabla hujafika Kibiti mjini, unachukua bodaboda hadi Nyamisati, halafu unasubiri boti na boti inasubiri maji. Kwa hiyo unafika pale maji yanapotaka.

Nilifika saa kumi jioni nikakuta watoto wako mazoezini kwenye kiwanja kilichopakana na mikoko. Dogo mmoja, beki, alikuwa amevaa fulana nyeupe iliyochakaa, mgongoni imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: KANAVARO. Nikamwita. Nikamuuliza, huyu Kanavaro unamjua? Akanitazama kama vile nimemuuliza swali la kijinga.

"Kocha," akasema, akaelekeza kidole kwa mjomba.

Basi bwana, hapo ndipo nilipoanza kufikiria kuandika haya. Yule mtoto hajapata kumsikia Nadir Haroub. Fabio Cannavaro ndiyo kabisa. Kwake jina hili lilianzia hapo hapo kwenye mikoko, kwa mzee mmoja mwenye filimbi na goti bovu.

Mimi nakumbuka lilipoingia kwetu. Ilikuwa 2006, nina miaka minane, nakaa kwa bibi Kibiti. Mjomba wakati ule ni kijana anacheza beki wa kati kwenye timu ya mtaani, na Kombe la Dunia tuliliangalia kwenye banda la video linaloendeshwa kwa jenereta. Italia hatukuipenda. Mechi yake ya kwanza iliifunga Ghana 2-0, na banda zima lilikuwa Ghana. Lakini mjomba alikuwa haangalii mpira, alikuwa anamwangalia beki mmoja mfupi. "Muone huyo namba tano," alikuwa ananiambia, "hakimbii ovyo."

Nusu fainali Italia ikacheza na wenyeji Ujerumani, Julai 4, pale Dortmund. Kwetu ilianza saa nne usiku. Dakika tisini 0-0, muda wa nyongeza unakwisha 0-0, na jenereta nayo ikaishiwa mafuta. Giza. Watu walipiga kelele, wakadai shilingi zao, mwenye banda akakimbia. Tulilala tunajua ni penalti. Asubuhi redio ikasema Grosso kafunga dakika ya 119 na Del Piero akaongeza la pili sekunde za mwisho.

Lile bao la Del Piero nimeliona miaka mingi baadaye, chuo kikuu, kwenye YouTube. Wengi hukumbuka mwisho wake tu, mpira unavyozunguka na kuingia juu kwenye kona ya goli. Rudisha nyuma kidogo. Mjerumani anapiga mpira kuingia eneo la hatari, Cannavaro anauondoa kwa kichwa. Mpira unamwendea Podolski, lakini Cannavaro huyo huyo amekwisha kimbia mbele, anampora na kutoka nao. Kutoka hapo ni Totti, Gilardino, Del Piero, goli. Dakika ya 120 na beki bado anapora mipira nje ya eneo lake! Mjomba nilimwonyesha kwenye simu. Aliitazama mara nne bila kusema kitu.

Fabio Cannavaro alizaliwa Napoli Septemba 13, 1973. Utotoni alikuwa muokota mipira pale San Paolo, wakati Maradona anaichezea Napoli. Akaingia timu ya wakubwa 1993. Napoli ikaanza kukosa fedha, ikamuuza Parma mwaka 1995, na huko ndiko ukuta wenyewe ulikojengwa: Buffon golini, Thuram na Cannavaro mbele yake. Mwaka 1999 wakachukua Kombe la UEFA kwa kuifunga Marseille 3-0 mjini Moscow. Kisha Inter, kisha Juventus.

Urefu wake ni kama mita 1.76 tu. Kwa beki wa kati wa Ulaya huo ni ufupi, na ndiyo maana nadhani vijana wa mchangani walimpenda. Alikuwa anaruka mapema. Straika mrefu akianza kunyanyuka, yeye yuko juu tayari. Na hakuwa mtu wa kuteleza ovyo. Kwenye Kombe la Dunia lile alicheza dakika 690, mechi saba zote, bila hata kadi ya njano. Italia ilifungwa mabao mawili tu mashindano yote: moja walijifunga wenyewe dhidi ya Marekani, jingine ni penalti ya Zidane kwenye fainali. Maana yake hakuna mshambuliaji hata mmoja aliyewafunga kwa mchezo wa kawaida. Na Nesta, mwenzake wa kati, aliumia kwenye hatua ya makundi! Fainali ya Berlin, Julai 9, ilikuwa mechi yake ya 100 kwa Italia, akamaliza na kombe mkononi. Mwisho wa mwaka akapewa Ballon d'Or. Kabla yake mabeki walioichukua ni Beckenbauer na Sammer tu, na baada yake hadi ile ya 2025 hakuna mwingine.

Tanzania nzima ikaanza kuzaa Makanavaro. Kila timu ya ndondo ilikuwa na wake. Mjomba akawa wa Kibiti.

Lakini Kanavaro wa taifa alikuwa mmoja: Nadir Haroub Ali, Mzanzibari, aliyetua Yanga mwaka ule ule wa 2006. Jina likamganda mpaka watangazaji wengine wakawa wanalitaja peke yake, kana kwamba ndilo alilopewa na wazazi. Mwaka 2009 alikwenda Canada, Vancouver Whitecaps, wakati huo klabu hiyo haijaingia MLS. Hakukaa sana, akarudi Jangwani. Yanga ya miaka yake ilichukua ubingwa 2008, 2009, 2011, 2013, halafu mitatu mfululizo 2015, 2016 na 2017. Kombe la Kagame 2011 na 2012. Upande wa taifa alikuwa na maisha mawili kama walivyo wachezaji wote wa Visiwani: kwenye mechi za FIFA ni Taifa Stars, ikifika Chalenji ya CECAFA anavaa jezi ya Zanzibar Heroes na kuwa mpinzani wa Bara. Mwaka 2012 kule Kampala Zanzibar ikaitoa Bara kwa mikwaju ya penalti na kushika nafasi ya tatu.

Siku yake kubwa kwangu mimi ni Machi 1, 2014. Al Ahly, mabingwa wa Afrika, wako Uwanja wa Taifa (siku hizi Benjamin Mkapa). Mechi inakwenda kuisha 0-0, na sote tunajua 0-0 kwa Waarabu maana yake nini. Zimebaki kama dakika kumi Kanavaro anapanda mbele, anapiga kichwa, goli. 1-0. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nilikimbia kutoka bwenini hadi getini nikarudi, bila sababu. Wiki moja baadaye Alexandria, Ahly nao wakashinda 1-0, na penalti zikatutoa 4-3. Tuliumia, lakini ukuta ulisimama dakika 180 dhidi ya timu ile na kuruhusu bao moja. Hesabu hiyo hakuna aliyeipiga. Wote tulikuwa tunazungumzia nani kakosa penalti.

Hayo ndiyo maisha ya beki. Straika akikosa mabao matano akafunga la sita ni shujaa. Beki akiokoa matano akakosea la sita, jina lake linatajwa vijiweni wiki nzima.

Januari 2016, Mbwana Samatta akiwa ametoka kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, kocha Charles Boniface Mkwasa alimkabidhi unahodha wa Stars. Ni uamuzi unaoeleweka. Stars ilikuwa imepigwa 7-0 na Algeria kule Blida miezi miwili nyuma, na Samatta ndiye nyota iliyokuwa inawaka. Lakini kitambaa kilitoka mkononi mwa Kanavaro, na magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba hakufurahishwa na jinsi alivyovuliwa. Akatangaza kuiacha timu ya taifa. Mwaka 2018 akatundika daluga kabisa, akabaki Yanga kama meneja wa timu.

Meneja wa timu kwetu si meneja wa Waingereza. Ni mtu wa safari, hoteli, vifaa, leseni za wachezaji, nani amechelewa basi. Kazi ngumu na ya heshima, siidharau hata kidogo, na klabu ilionyesha kumthamini. Lakini mimi hubaki najiuliza kuhusu kile kilichokuwa kichwani mwake: lini umwite beki wa kulia arudi, lini uache mtu apige kwa mbali, unasimamaje dhidi ya straika anayekuzidi mbio. Hayo hayaandikwi kwenye orodha ya vifaa.

Yule wa Italia maisha yake ya pili yalikwendaje? Hapa ndipo pananoga, maana wengi wetu tulimwacha Berlin na kombe lake. Baada ya Real Madrid, ambako alichukua ligi mara mbili, alirudi Juventus mwaka mmoja akamalizia Dubai, Al-Ahli. Hapo hapo Dubai akaanza kama kocha msaidizi. Novemba 2014 akapewa Guangzhou Evergrande ya China. Juni 2015 akatimuliwa, akaletwa Scolari, na Scolari akabeba ubingwa wa ligi na wa Asia. Fedheha, si ndiyo? Oktoba mwaka ule akapata Al-Nassr ya Saudia. Februari 2016, nje. Kocha wa kwetu angekuwa tayari anafuga kuku Kibaha.

Yeye akashuka daraja la pili China, Tianjin Quanjian, akaipandisha, na msimu wa kwanza ligi kuu, 2017, akamaliza wa tatu. Guangzhou ile ile iliyomfukuza ikamrudisha. 2018 wa pili, 2019 bingwa. Katikati ya msimu huo wa ubingwa kuna kituko: matokeo yalipolegea, Oktoba, waajiri walimwondoa kwa muda kwenye timu wakampeleka kwenye mafunzo ya "utamaduni wa kampuni". Mshindi wa Ballon d'Or anarudishwa darasani kama karani mgeni! Alikwenda, akarudi, akachukua ubingwa.

Baadaye Benevento, daraja la pili Italia, alidumu Septemba 2022 hadi Februari 2023, wakamtimua. Aprili 2024 Udinese wakamwita kuzima moto, akawaokoa wasishuke siku ya mwisho kwa kushinda Frosinone. Dinamo Zagreb, Desemba 2024 hadi Aprili 2025, nje tena. Oktoba 2025 akakabidhiwa Uzbekistan, taifa lililokuwa limeshafuzu Kombe la Dunia 2026 kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mwaka 2019 alikuwa ameisimamia China kwa muda, mechi mbili, akafungwa zote. Moja ya waliomfunga ni Uzbekistan hao hao.

Nimehesabu. Ametimuliwa si chini ya mara nne, na kila mara kuna aliyemfungulia mlango mwingine. Jina kubwa linasaidia, nani anabisha. Lakini pia Waitalia wana Coverciano, nje kidogo ya Florence, kituo cha shirikisho lao kilichopo tangu 1958. Huko beki aliyestaafu anakaa darasani na kuandika tasnifu kama sisi tulivyoandika chuoni, na hapati leseni ya juu mpaka amalize. Maarifa ya miguuni yanageuzwa karatasi, na karatasi hiyo inatembea. Hata ukifukuzwa unatoka nayo.

Sasa turudi nyumbani. Sisemi hatuna mabeki waliokuwa makocha. Jamhuri Kihwelo "Julio" wa Simba aliipandisha Mwadui ligi kuu 2015. Mecky Mexime, beki wa kulia aliyepata kuwa nahodha wa Stars, aliifundisha Mtibwa aliyoichezea, kisha Kagera Sugar. Shadrack Nsajigwa alikaa benchi la Yanga kama msaidizi. Lakini hadithi inayonikaa rohoni ni ya Fred Felix Minziro, beki wa kushoto wa Yanga ya zamani, yule waliyemwita Majeshi.

Minziro amekuwa msaidizi Yanga, amefundisha JKT Ruvu, amezunguka nchi hii kuliko mabasi. Mwaka 2017 aliipandisha Singida United ligi kuu. Timu ilipopanda, ikamchukua Hans van der Pluijm, Mholanzi aliyetoka Yanga. Mwaka 2021 Minziro akaipandisha Geita Gold. Timu ilipopanda, akaletwa Etienne Ndayiragije, Mrundi aliyepata kuinoa Taifa Stars. Hao wote wawili ni makocha wazuri, sina ugomvi nao. Ila tazama utaratibu: mwenyeji anafyeka pori, shamba likianza kuota anaitwa mwingine kuvuna. Msimu ule Geita ikaanza vibaya, Ndayiragije akaondoka, Minziro akarudishiwa timu. Akamaliza nafasi ya nne na kuipeleka Geita Kombe la Shirikisho Afrika. Timu iliyotoka kupanda daraja!

Kwa hesabu yangu, Tianjin ya Cannavaro na Geita ya Minziro ni kazi moja. Kupandisha, kisha kukaa juu mwaka wa kwanza. Mmoja ilimrudishia heshima na ajira ile ile aliyofukuzwa. Mwingine, Oktoba 2024, alikuwa anakabidhiwa Pamba Jiji, wageni wa ligi kuu waliokuwa wameanza msimu kwa kuhangaika.

Haya niliyaeleza yote kwa mjomba usiku ule tukiwa tumekaa barazani, tunakula wali na kamba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mjomba," akaniambia (sisi kwa sisi tunaitana hivyo, mkubwa kwa mdogo), "huyo Majeshi angalau ana timu ya kunyang'anywa."

Goti la mjomba liliharibika 2011. Akaoa huku delta, akashika mpunga na biashara ndogo ya kamba, na jioni akaanza kuwakusanya watoto. Hana mipira zaidi ya miwili. Huwafundisha kuruka wakiwa ndani ya matope, kwa sababu, anasema, mguu uliozoea matope ukifika pakavu unapaa. Mabeki wake huwakataza kuangalia mpira. "Angalia kiuno. Mguu unaongopa, kiuno hakiongopi." Aprili 2024 mafuriko yalipoipiga Rufiji na Kibiti, magoli ya kiwanja chake, yale ya miti ya mikoko, yalikwenda na maji. Alisimamisha mengine mwezi uliofuata. Bamvua ikija kiwanja kinaliwa kwa siku kadhaa, maji yakipwa wanarudi, chumvi nyeupe chini.

Mwaka jana aliwapeleka watoto hao kwenye mashindano fulani, sitayataja. Mlangoni akaulizwa cheti. Hana. Akaambiwa hawezi kukaa benchi. Alisimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji, anapiga kelele, na kila akipiga kelele mtu wa usalama anamsogeza nyuma. Walifungwa 2-0, yote kwa mipira ya juu.

Nitakuwa mnafiki nikisema karatasi ni adui. Nimetoka kuwasifia Waitalia kwa karatasi hizo hizo. Mtoto anayefundishwa na mtu aliyesomea ana bahati, na leseni za CAF, kuanzia D kwenda juu, zipo na watu wanazisoma. Kinachonisumbua ni umbali. Mtu anayeishi mahali ambapo boti inasubiri maji, kozi ikifanyika Dar ni nauli ya boti, bodaboda, basi, malazi, ada, na mpunga ulioachiwa ndege siku zote hizo. Nadir Haroub alikuwa mita chache tu kutoka kwenye benchi la ufundi la klabu kubwa na bado kazi aliyopewa ilikuwa nyingine. Wa delta je?

Asubuhi kabla boti haijaondoka nikatoa karatasi na kalamu, nikamwambia tuandike barua ya kuomba nafasi kwenye kozi ijayo ya leseni D, ada nitajua mwenyewe. Akakataa, halafu akauliza inachukua siku ngapi, halafu akakataa tena. Maji yalikuwa yanajaa na nahodha wa boti anapiga honi. Mwishowe akakaa kwenye gogo, akanitajia mwaka wa kuzaliwa, kijiji, kata.

"Jina kamili?" nikamuuliza, ingawa nalijua.

"Andika Kanavaro."

"Mjomba, hii ni barua ya ofisini."

Akacheka. Nikaandika lile alilopewa na babu, na ilibidi anitajie herufi moja moja, kwa sababu niligundua sijawahi kuliandika.